Siku Niliyokimbia Mtaani Wakauliza Nani Mefa

Mimi ni fundi charahani, na kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa asubuhi, nakaa jioni, na Shaabani ikiingia watu wakianza kuleta vitambaa vya Idi, nakaa hadi usiku wa manane na sahani ya viazi karai ubavuni. Miaka kumi na sita hivyo hivyo. Sikuona tatizo. Kwetu Lamu mwanamke akijaa mwili husemwa ameneemeka, na mimi nilineemeka vizuri sana.

Aliyenifumbua macho ni ajuza mmoja wa mtaa wa Mkomani. Nilimpelekea mjukuu wake gauni la harusi. Nyumba za Mkomani mnazijua: ukishapita daka, kile kibaraza cha mlangoni, ngazi ya mawe imesimama kama unakwea mnazi, na bibi harusi siku zote yuko juu kabisa. Kufika ghorofa ya pili nikaketi kwenye kipandio, gauni nimelipakata kama mtoto, moyo unanipiga masikioni. Yule ajuza, ana sabini na ushei, akanipita na birika mkononi. Akarudi na bilauri ya maji. "Kunywa, mwanangu. Gauni hili yualivaa nani, wewe au bibi harusi? Mbona ushalirowesha?" Nikatazama. Gauni jeupe, na kiganja changu cha jasho kimejichora pale kifuani. Nililirudisha nyumbani nikalifua na kulipiga pasi upya, siku nzima ikapotea bure.

Kwa hiyo mkinisikia natoa maneno ya afya, jueni kwamba mimi nilitolewa kitandani na aibu. Mambo ya presha alinieleza muuguzi baadaye, tayari nimeshaanza kukimbia.

Sasa, siku ya kwanza. Nilivaa buibui langu la kila siku na raba za mwanangu wa kiume, nikatoka baada ya laasiri. Laasiri! Mabaraza yote yamejaa, kahawa inazunguka, na mimi nikachagua Usita wa Mui kwa sababu ndiyo njia iliyonyooka. Nimezaliwa mji huu, nikasahau jambo analolijua hata mtoto: mwanamke mtu mzima hakimbii mtaani. Akikimbia ni mawili, kazaa mtu au kafa mtu.

Baraza la kwanza mzee mmoja akaniuliza, "Bi, kuna nini?" Pumzi ya kumjibu sina. Nikainua mkono kumwambia hakuna kitu. Yeye akaona nimeelekeza mbinguni. Nikamsikia nyuma yangu: "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Nikasema moyoni, nikirudi nitamweleza. Mbele nikakuta punda wawili wamebeba magunia ya mchanga, wameziba njia, nikajibana ukutani nikapita. Mwenye punda akaniuliza kwa huruma, "Nani mefa?" Nikajaribu kusema "mimi nafanya mazoezi". Kilichotoka ni "mi... ma..." tu. Akashika kichwa. "Mamako? Lo, pole."

Nilifika Mkunguni mbele ya Ngome, nikaegemea mti, watoto kama kumi wamenizunguka. Nikajiona nimeshinda. Nikarudi polepole kwa njia ya pwani nikipunga upepo. Kumbe habari imepita njia fupi. Kufika kwa mama, mtaa wa Langoni, nakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni, ndani kina mama wameketi mikekani na nyuso zao za msiba, na katikati mama yangu yu hai, ana embe mkononi, anauliza, "Nyinyi mwamlilia nani?" Jirani mmoja alikuwa ameshachambua mchele.

Kahawa ya watu wale nililipa mimi. Sukari, tangawizi, na haluwa, maana huwezi kumrudisha mtu aliyekuja kukuhani mikono mitupu. Mia tano na kitu ikaenda. Mama akatoa hukumu mbele yao: "Ukitaka kukimbia, kimbia watu wamelala."

Basi ndipo nikaanza kutoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na wifi yangu, njia ya pwani kuelekea kijiji cha Shela. Saa kumi na moja na nusu hivi kuna wavuvi, punda na paka tu. Wavuvi hawaulizi maswali.

Wifi ndiye aliyepata utaratibu kwenye simu, ule wa watu wasiowahi kukimbia, alioutunga Mmarekani mmoja, Josh Clark, mwaka 1996. Wiki tisa, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano, halafu unakimbia sekunde sitini, unatembea sekunde tisini, unarudia hivyo dakika ishirini. Nilicheka. Sekunde sitini! Kwenye zile sitini za tatu nilidhani simu imeharibika.

Simu yenyewe ilikuwa mateso. Buibui halina mfuko, ukiishika mkononi inateleza kwa jasho, na kila ukiitazama unakuta zimepita sekunde kumi na moja. Nikaiacha nyumbani. Nikawa nakimbia kwa tasbihi: Subhanallah thelathini na tatu kwa vidole, mara mbili, ndiyo dakika yangu. Kutembea, mara tatu. Sidai ni saa ya Uswisi, lakini inatosha. Na ndani yake nikagundua kitu ambacho hakuna mjuzi aliyeniambia: ukiweza kuitamka kwa sauti, mwendo wako ni sawa. Ukianza kuimeza, "Subha... Subha...", umezidisha, punguza. Nilipomweleza yule muuguzi akasema ndivyo hasa wanavyofundisha, mtu anayeanza aweze kuzungumza huku anakimbia. Mwendo wangu ulikuwa kama dakika tisa kwa kilomita. Kipchoge kule Vienna mwaka 2019 alikwenda kila kilomita kwa dakika mbili na sekunde hamsini, kilomita arubaini na mbili mfululizo. Mimi nikifika kilomita moja yeye yuko ya nne anaitafuta, na bado nilikuwa najisikia upepo unanikwepa.

Washauri sasa. Mji mzima ukajaa walimu wa mbio ambao sijawahi kuwaona wakikimbilia hata boti. Wifi alisikia kwa shoga yake tujifunge nailoni tumboni, mafuta yayeyuke. Tulijifunga. Nilitoka jasho mpaka viatu vinalia, kichwa kikaniuma, na mizani ya duka la dawa ikaonyesha nimepungua kilo nzima! Tukafurahi, tukanywa maji na chai, jioni nikaenda kujipima tena, kilo imerudi mahali pake imeketi. Joto letu na unyevu wetu huu, kujiziba na nailoni ni kujipika. Mwingine, kijana wa kuinua vyuma, akaniambia nisiposikia maumivu sijafanya kitu, nikimbie kila siku, tena kwenye mchanga mlaini. Nikamtii siku sita. Miundi yote miwili ikawaka, kushuka ngazi nashuka kinyumenyume. Nikapumzika wiki mbili na hasira zangu. Zile siku tatu kwa wiki Mmarekani hakuziweka kwa uvivu, mifupa na misuli inajijenga siku ya kupumzika. Kijana nilikutana naye juzi, akaniambia nilikosa nia.

Viatu nilinunua vya mtumba, elfu na mia ngapi sijui, jambo la kushika ni kwamba viwe vikubwa kidogo, mguu huvimba ukikimbia. Raba za mwanangu zilinitoa kucha moja.

Hapa sasa nataka kujisifu, niruhusuni. Buibui. Upepo wa kusi ulikuwa bado unavuma, na ukienda Shela unakupiga usoni, buibui linajaa kama tanga la jahazi. Mara linazinga miguuni unataka kuanguka, mara linapanda juu hata ukiwa na suruali ndani unaona haya. Nikasema, mimi fundi, nitashindwa na nguo? Nikaomba chubwi kwa ami yangu mvuvi, vile virisasi vya mishipi, nikavishona kwenye upindo, kumi na viwili. Nyumbani mbele ya kioo limetulia kama maji ya kisimani. Kesho yake nikatoka nalo. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili, chubwi zikarudi zikanipiga miundi, tena ile miundi iliyotoka kupona. Ko! ko! ko! Nikiongeza mwendo nazo zaongeza. Wifi akaketi chini kwa kicheko akasema nimejitengenezea njuga za miguuni. Tulirudi kwa kutembea, natoa mlio kama punda wa harusi.

Nikafumua nikaanza upya. Kitambaa cha jezi, chepesi, kisichong'ang'ania jasho. Nikalipasua ubavuni kutoka gotini, na kwenye mpasuo nikatia kipande cha pembe tatu cha kitambaa hicho hicho, kwa hiyo mguu unapata nafasi na hakuna kinachoonekana. Upindo nikaukunja mara mbili, mpana wa vidole vinne, uzito wake wenyewe ukalishika chini. Lastiki mikononi. Ushungi wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini, maana pini niliishaionja shingoni. Chini ya hapo suruali pana. Mtu akiniona kwa mbali anaona buibui tu linakwenda kwa haraka.

Lililobaki lilikuwa maji. Siku nyingine tunatoka, maji yamejaa, mawimbi yanapiga ukuta na kipande cha njia ya Shela kimelowa chote, tunarudi. Ami ndiye aliyetufungua akili, na alitucheka kwanza. "Nyinyi watoto wa pwani mwatazama simu? Tazameni mwezi." Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu maji hujaa alfajiri na kupwa karibu na saa nne za asubuhi, jua limeshakuwa kali. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo tarehe tisa hadi kumi na mbili za mwezi wa Kiislamu, na tena ishirini na nne hadi ishirini na saba, alfajiri unakuta yamepwa au yanaendelea kupwa, na mchanga umebaki mgumu kama sakafu. Siku hizo tunapita Shela tunaingia ufuoni, ule wa kilomita kumi na mbili, hakuna ngazi wala punda. Siku za bamvua tunatembea tu mjini. Ami hakuacha bila kisa: wale wa Pate na Mombasa waliokuja kuipiga Lamu pale Shela, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, walipokimbilia mashua zao walikuta maji yamezikauka mchangani, wakaishia pale pale. "Nao hawakuhesabu," akasema, akarudi kwenye nyavu zake.

Kitu kimoja zaidi cha ufuoni: mchanga unateremkia baharini. Ukienda upande mmoja tu, nyonga ya upande wa maji inalalamika. Nenda na urudi kwa njia ile ile, inajisawazisha.

Malengo. La kwanza kabisa nililiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: kilo kumi kwa mwezi. Halikutimia, na lilinifanya nichukie mizani, daftari na wateja. Nikalifuta nikaandika mahali badala ya kilo. Kutoka Langoni hadi mwisho wa nyumba bila kusimama. Halafu hadi niuone mnara wa msikiti wa Shela. Halafu niuguse ukuta wake. Ni kilomita tatu hivi, na wiki zile tisa kwangu zilikuwa miezi mitano, maana katikati kulikuwa na miundi, harusi za watu, na homa ya wifi. Nilipougusa nilikuwa peke yangu, wifi yuko nyuma anatembea anadai ana kichomi, na muadhini aliyekuwa anatoka akaniangalia akanisalimia kwa heshima. Nadhani alidhani nimeleta habari ya msiba.

Ramadhani sikukimbia. Nilitembea nusu saa kabla ya kufuturu, na baada ya Idi nikaanza tena wiki mbili nyuma ya nilipoachia. Kilo zimepungua sita, au tano, inategemea duka gani la dawa. Presha muuguzi ameipima mara mbili akanyamaza, na yule akinyamaza ndiyo kusifu kwake.

Mabuibui ya mbio nimeshashona manne. La kwanza aliagiza jirani aliyechambua mchele siku ile. La tano ni la yule bibi harusi wa Mkomani, amekwisha jifungua na anataka kutoka alfajiri na sisi. Nampelekea Alhamisi, ghorofa ya juu. Nyanya yake ameniletea salamu kwamba maji ameshaniwekea pale kwenye kipandio.