Chambo cha manyoya kilichokuwa kikifumuka

Kwa wiki tatu vyambo vyangu vya manyoya vilifumuka kwenye mawe ya Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria jijini Mwanza, kabla sangara hajavigusa. Kosa langu lilikuwa kufunga manyoya ya jogoo juu ya chuma kitupu cha ndoana. Chuma kinateleza, uzi ukilowa, fungu zima linazunguka na kuchomoka.

Dawa niliipata nyumbani. Navuta uzi wa cherehani juu ya kipande cha mshumaa mara mbili tatu, ushike. Kisha nauzungusha peke yake kwenye shina la ndoana, mizunguko ikigusana, ndipo naweka manyoya. Fundo la mwisho nalipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nalilaza likauke mpaka asubuhi.

Sangara hula dagaa, kwa hiyo mwili nautengeneza kwa nyuzi nyeupe za sandarusi la mchele, nilizozichambua kwa sindano. Hazinyonyi maji kama pamba, na zinameremeta vizuri sana juani. Ila zinaelea! Hivyo chini yake natanguliza waya mwembamba wa shaba, niliouchomoa kwenye mota ya feni iliyoungua.

Jumamosi chambo kimoja kilinidumu asubuhi nzima, fundo halijalegea.