Nilivyomfukizia mama copal Oaxaca

Mimi nimeolewa Oaxaca, Meksiko. Mwaka jana ndipo nilipoweka kwa mara ya kwanza picha ya mama yangu kwenye ofrenda, meza wanayoiandalia marehemu katika Día de los Muertos, yaani Siku ya Wafu. Mama alizikwa Tanga, mimi nikiwa huku. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, "Mlete na mama yako, mwanangu, nafasi ipo."

Tao la miwa, glasi ya maji kwa ajili ya marehemu anayetoka safarini, chumvi, mkate, yote yalikwenda vizuri. Maua ya cempasúchil, yale ya rangi ya machungwa, nilinunua kwa peso mia na kitu, nunueni mapema. Kilichonitoa jasho ni copal.

Copal ni utomvu mkavu wa kufukiza, kama sandarusi yetu. Hata wafanyabiashara wa zamani waliiita sandarusi ya Zanzibar copal, neno lenye asili ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko. Sasa, mtu mmoja sokoni akanishauri nimwagie mkaa mafuta ya taa ili ushike haraka. Ushauri mbovu kabisa! Nikamwaga, nikatupia mabonge ya copal mkaa ungali mweusi. Yakachemka, yakatoa povu, yakalipuka moto wa njano na moshi kama wa tairi. Nyumba nzima ikanuka kibatari. Masizi yakatua kwenye kioo cha picha ya mama. Niliyafuta kwa pindo la kanga huku nalia.

Usiku ule nikakumbuka mama mwenyewe alivyokuwa akifukiza ubani. Alisubiri mkaa uwe mwekundu, kisha uvae jivu jeupe. Akaongeza jivu kidogo juu, ndipo akadondosha chembe ndogo kama chenga za mchele, moja moja, bila kupuliza. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, chetezo nikakiweka mbali na karatasi za mapambo zilizokatwa nakshi, maana zinashika moto upesi. Moshi ukapanda mweupe, mwembamba, unanukia kama ganda la limau.

Mama mkwe akaja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi. "Nani amekufundisha?"

Nikamwonyesha picha.

Tarehe 1 Novemba zinakuja roho za watoto, za wakubwa tarehe 2. Siku hiyo alfajiri nilimpikia mama chai ya tangawizi, sukari vijiko vitatu, nikamwekea karibu na mshumaa ikiwa bado ya moto.