Nusu majini, nusu hewani

Wengi wetu tunaofunga vyambo vya manyoya vya kuvulia samaki hapa Kenya, vinavyoiga wadudu, tulijua kazi hiyo kabla ya kumwona samaki aitwaye trauti hata mmoja. Vyambo vyetu huhesabiwa kwa dazeni, vikapakiwa, vikaenda Ulaya na Marekani, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miongo mingi. Mimi nilijua rangi za wadudu wa mito ya Uingereza kabla sijageuza jiwe la Mto Gura kuona nani anaishi chini yake.

Siku nisipokuwa na oda, hufunga chambo kimoja tu: emaja ya meiflai, yaani chambo kinachoiga mdudu wa mtoni aitwaye meiflai anapojitoa majini, kwenye ndoana namba 16, mwili mwembamba wa kahawia na mgongo wa manyoya ya bata. Ndicho chambo ninachokiamini kuliko vyote, na sababu yake imo katika maisha ya mdudu mwenyewe.

Meiflai hukaa karibu maisha yake yote chini ya maji akiwa tunutu, aking'ang'ania mawe. Akikomaa hupanda juu, na pale maji yanapokutana na hewa gamba lake hupasuka mgongoni, naye huanza kujichomoa. (Akisharuka hujivua tena mara moja, na hakuna mdudu mwingine ajivuaye ngozi akiwa tayari na mabawa.) Lakini pale juu ya maji, kabla ya kuruka, yuko hatarini kabisa. Uso wa maji una utando unaomshika. Mkia bado umo ndani ya gamba, mabawa hayajanyooka, hawezi kuzama wala kupaa. Siku za baridi na mawingu hukwama muda mrefu zaidi. Trauti analijua hilo. Kwa nini amfukuze mdudu anayeweza kuruka wakati wapo waliokwama?

Ndiyo maana hutazama maji kwanza kabla ya kufungua kisanduku. Nikiona mdomo wa samaki ukitoka na kuacha viputo, najua amemla mdudu aliye juu ya maji. Nikiona mgongo na ncha ya mkia tu, bila mdomo na bila kiputo, basi anakula waliokwama chini ya utando. Hapo ndipo emaja inapohitajika.

Sasa kufunga. Naibana ndoana iliyopinda kwenye jiliwa, kijino chake kikiwa kimeshabanwa kwa koleo ili samaki aachiliwe bila kuchanika. Uzi ni wa rangi ya zeituni, mwembamba kabisa. Naushusha hadi kupita kidogo pale ndoana inapoanza kupinda, maana mwili lazima uelekee chini. Mkiani natia nyuzi chache za Antron, nyuzi za kiwandani, za kahawia hafifu, fupi: hilo ndilo gamba linalovuliwa. Mwili ni nyuzi tatu au nne za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye feasanti, kisha waya mwembamba wa shaba unaozungushwa kinyume cha nyuzi hizo ili meno ya samaki yasizikate. Mwingereza Frank Sawyer, katika chambo chake maarufu cha feasanti, aliacha uzi kabisa akatumia waya wa shaba peke yake. Mimi nimebaki na uzi kwa sababu sitaki uzito wote huo.

Kwenye bawa sifanyi haraka. Manyoya ninayotumia huota kuzunguka tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia wa bata. Ni madogo, laini, na nyuzi zake hushika hewa. Nafunga mawili pale mwili unapoishia, nasokota manyoya ya sungura kwenye uzi na kujenga kifua kidogo, halafu nayavuta manyoya ya bata mbele juu ya kifua. Hapo naweka sindano chini yake nikivuta, ili yasilale yakabanwa. Yabaki yamevimba na hewa ndani. Nafunga nyuma ya jicho la ndoana, naacha nyuzi chache zisimame pembeni kama miguu, namaliza kwa fundo.

Mfungaji hodari hushawishika kuongeza: mzunguko mmoja zaidi, manyoya kidogo zaidi, kifua kinono kinachopendeza mezani. Mnunuzi naye hukitazama kutoka juu, kikiwa kikavu kwenye kiganja. Trauti hukitazama kutoka chini, kikiwa kimelowa. Kwa hiyo kila ninapobadilisha kitu huweka chambo kwenye glasi ya maji, naiinua juu ya macho na kutazama kwa chini. Mkia na mwili vikining'inia na mgongo ukibaki juu, kipo sawa. Kikilala bapa chote juu ya maji, nimetia manyoya mengi. Mholanzi Hans van Klinken, aliyebuni chambo kiitwacho Klinkhåmer huko Norwe miaka ya 1980, alilijenga umbo lote juu ya jambo hilo: mwili uliopinda ukining'inia, na mviringo wa unyoya ukiushikilia kwa juu.

Gura ilipata trauti wake mwaka 1905, walipoletwa kutoka ziwa la Loch Leven, Scotland, na mlowezi Ewart Grogan. Wadudu wanaowalisha ni wa mto wenyewe, na hawakuhitaji kuletwa na mtu. Kule juu Aberdare maji ni baridi na maangavu, na alasiri ya mawingu meiflai wadogo wa rangi ya zeituni hupanda kwa wingi hata ukawaona kwenye mikono ya koti.

Ukifika hapo, lowesha mwili wa chambo kwa mate uzame, lakini mgongo usiuguse. Usiupake mafuta ya kuelea. Hugandisha nyuzi na hewa yote hutoka. Rusha kuelekea juu ya mto, uzi wa kuvulia ulegee, chambo kishuke kwa mwendo wa maji bila kuburuzwa. Ukishamwachilia samaki, kisuuze kuondoa ute, kibanie kwenye kitambaa kikavu, kisha kirushe hewani mara kadhaa hadi manyoya yavimbe tena.