Macho kutoa machozi tangu uanze dawa za wasiwasi

Jamani hili la machozi naomba niliseme maana wengi wanateseka nalo kimya kimya, unaanza dawa za wasiwasi, moyo unatulia, alafu uko zako kwenye kikao machozi yanachuruzika na wala hulii, kila mtu anauliza una nini. Mimi ilinipata nikiwa natumia sertralini, na jicho la kushoto ndo lilisumbua zaidi, asubuhi linachoma kama limeingia mchanga.

Daktari akanieleza kitu ambacho sikukitegemea kabisa, kwamba hizi dawa zinaweza kukausha macho, na jicho likikauka linakereka, likikereka mwili unamwaga machozi mengi kwa mpigo, ila ni majimaji matupu hayakai kwenye jicho, kwahiyo ukavu unabaki palepale. Matone ya machozi bandia yalinisaidia sana, pamoja na kupepesa macho nikiwa kwenye simu. Aleji nayo inaweza kuwa chanzo, so mwambie daktari dalili zote.

Ila nawaomba sana, usiache dawa ghafla kisa machozi, hasa zile za jamii ya diazepamu, kuzikata mara moja kunaweza kuleta degedege. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Na jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukaona ukungu au miduara ya rangi kwenye taa pamoja na kichefuchefu, hiyo inaweza kuwa presha ya macho, nenda hospitali muda huohuo hata kama ni usiku.