Nilivyopata igizo la muziki lenye kazi kwa kila mtoto

Ukimwambia mtu unatafuta igizo la muziki la shule yenye watoto wengi, atakutajia filamu aliyoipenda yeye. Mimi nilitajiwa nyingi. Wengine wakanishauri nipunguze watoto, nibakize kumi wanaojua kuimba, nipumzike. Ushauri huo uliniudhi na bado unaniudhi. Shule yetu ni ya kutwa, hapa Mtwara, na waliojiandikisha walipita 80. Wapo waliokulia kwenye kwaya za kanisani, wapo waliotoka kwenye kaswida za madrasa, na wapo ambao hawajawahi kusimama mbele ya watu. Nimwambie nani arudi nyumbani?

Kabla sijakabidhiwa kazi hii, shule ilishawahi kujaribu igizo moja maarufu la Marekani. Orodha ya wahusika ilijaa ukurasa mzima. Ukilisoma, wanaoimba ni wanne, waliobaki wanakatiza nyuma na vikapu. Watoto wa vikapu wakaanza kukosa mazoezi mmoja mmoja, na wiki ya onyesho binti aliyebeba karibu nyimbo zote akashikwa na malaria. Likaishia hapo. Nilipotaka kulifufua niliwaandikia wenye haki. Wakajibu kwa adabu: kila onyesho linalipiwa, vitabu vya nyimbo vinakodishwa, na kutafsiri hairuhusiwi bila kibali chao. Malipo yenyewe yangemeza bajeti ya michezo na utamaduni ya mwaka. Nikaachana nalo, maana kazi ya mtu haichukuliwi bure, hata kama hakuna atakayekuona huku kusini.

Baada ya hapo nikaacha kabisa kutazama idadi ya wahusika. Nikawa nasoma igizo na kalamu tatu za rangi. Nyekundu: kundi lipo jukwaani. Bluu: kundi linaimba. Kijani: kundi linafanya jambo ambalo likiondolewa, hadithi inakwama. Nyekundu huwa nyingi kila mahali, hiyo isikudanganye. Bluu nayo inaweza kuwa vibwagizo tu vya kumpamba nyota. Mimi nilitafuta kijani. Nimerudisha kabatini maigizo mazuri sana kwa sababu hiyo, na mengine nyimbo zake nazipenda mpaka leo.

Lililojaa kijani ni la Waingereza wawili wa zamani, Gilbert aliyeandika maneno na Sullivan aliyetunga muziki: The Pirates of Penzance. Sullivan alifariki 1900 na Gilbert 1911, kwa hiyo haki zao zimeshakwisha na ruksa kutafsiri. Nao walijua uchungu wa kuibiwa. Kazi yao iliyotangulia ilichezwa Marekani na watu wasiowalipa chochote, ndiyo maana hii wakaizindua wenyewe New York tarehe 31 Desemba 1879, baada ya kuionyesha mara moja Paignton, Uingereza, siku moja kabla, ili kulinda haki zao kwao.

Hadithi iko pwani ya Cornwall, Uingereza, na ina makundi matatu: maharamia, mabinti wa Meja Jenerali, na askari polisi. Kila kundi lina tabia yake. Maharamia ni yatima, kwa hiyo hawamdhuru yatima, na habari hiyo imesambaa kiasi kwamba kila wanayemteka anadai hana wazazi. Mabinti unaweza kuwaweka wanane au arobaini, jenerali ni yuleyule. Askari hawaingii mpaka sehemu ya pili, nao ni waoga.

Makundi hayo yakanitatulia jambo ambalo hakuna mshauri aliyelifikiria. Wazazi wengi hapa hawataki binti abaki shuleni hadi magharibi kwenye mazoezi ya mchanganyiko. Sasa mabinti walifanya Jumatatu na Jumatano wakiwa na mwalimu wa kike, wakaondoka mapema. Maharamia walikuwa na siku zao, askari siku zao chini ya kiranja wa skauti, na wote wakakutana Jumamosi asubuhi tu, tena mwishoni. Hata mwalimu wa taaluma, aliyekuwa amenuna tangu mwanzo, alikubali kwa sababu hakuna darasa lililohama lote kwa pamoja. Kidato cha nne sikuwagusa. Onyesho lilikuwa la kuwaaga kwenye mahafali yao, Septemba, kabla ya mtihani wa Novemba na kabla minada ya korosho haijawateka wazazi.

Nyimbo tuliziandika upya kwa solfa, yaani do, re, mi, maana ndiyo watoto wa kwaya wanayoisoma. Mwalimu mmoja wa kwaya alitusaidia kupanga sauti nne. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza kuna kipande kifupi kinachoimbwa bila ala yoyote, wote jukwaani wameacha vurugu ghafla. Hicho ukiwa na watoto wa kwaya na wa kaswida wamesimama bega kwa bega, usiweke kinanda. Nakuomba.

Jenerali ana wimbo wa kasi ya ajabu, maneno yanamiminika bila pumzi. Kila mtu aliniambia niukate. Mimi nikamwita kijana wa kidato cha tatu anayeimba singeli kwenye sherehe za mtaani. Akausikiliza, akasema, "Madam, huu mbona wa polepole?" Alipewa jukumu palepale.

Lakini siku ya onyesho waliobeba bwalo ni askari. Kuna mahali wanaimba kwa ushujaa kwamba wanakwenda vitani, mabinti wanawaaga kwa kuwasifia kifo kitukufu kinachowangoja, nao wanaimba tena kwamba wanakwenda, na hawaendi. Jenerali anawaka: mbona bado mko hapa? Niliwaongezea hatua moja mbele na mbili nyuma, kila mara, kwa mdundo wa ngoma. Kina mama waliokaa mbele walishika mbavu. Kisha maharamia wanaingia wakiimba kwamba wananyata kimya kabisa, huku wanakanyaga sakafu kwa nguvu zao zote. Vijana wangu waliozaliwa na sindimba hawakuhitaji kufundishwa kukanyaga.

Gharama? Hazikufika laki tano, na nyingi zilikwenda kwenye spika za kukodi na soda. Mabinti walivaa kanga za nyumbani, maharamia vikoi vya baba zao, askari kaptula za kaki na mikanda ya skauti.

Baada ya onyesho mzazi mmoja alinishika mkono. "Mwalimu, mwanangu ni yule askari wa tatu kutoka mwisho. Nimemsikia." Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kufurahi hivyo.

Sasa kalamu ziko kwenye H.M.S. Pinafore, ya waungwana haohao, ya 1878. Ina mabaharia kwa wavulana, na kwa wasichana kuna madada, mabinamu na mashangazi wa mkubwa wa jeshi la majini, wanaomfuata kila aendako. Kijani ipo ya kutosha. Bado natafuta kundi la tatu.