Siku moja nyuma ya kaunta ya bastola, Dallas

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla ya chai, sefu. Iko ukutani chumbani, hufunguliwa kwa namba, na namba hiyo watoto hawaijui, hata yule mkubwa anayejifanya anajua kila kitu. Sheria ya Texas inasema mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha iliyo tayari kufyatuka kwa uzembe wako, umetenda kosa la jinai hata kama hakuna aliyeumia. Mimi ningeweka sefu hata sheria isingekuwepo.

Bastola yangu ni Glock 19, inabeba risasi 15 za milimita 9. Inalala sefuni ikiwa ndani ya ala yake, ile ya plastiki ngumu inayofunika kabisa sehemu ya triga, na naivaa pamoja na ala yake, ndani ya suruali, upande wa kulia. Sikoki na kutoa risasi kila asubuhi kama wanavyofanya wengi. Risasi moja ikiingizwa chemba, pale inapokaa kabla ya kufyatuka, na kutolewa mara nyingi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, na siku ukiifyatua, mgandamizo unapanda kuliko bastola ilivyotengenezwa kuhimili.

Halafu mkanda. Watu watabishana usiku kucha Glock au SIG, lakini mkanda hawauulizi kamwe. Mkanda laini unaacha bastola ining'inie, shati linatuna, na kutwa nzima unajipapasa kiunoni. Anayejipapasa kiunoni amekwisha kuwaambia watu wote dukani.

Saa moja na robo

Namshusha mtoto shule. Nabaki ndani ya gari, sishuki, kwa sababu kuingia jengo la shule na silaha ni kosa. Hapa ndipo leseni ya kubeba bastola inapofanya kazi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haikulazimishi kuwa na leseni ili kubeba bastola, na ndugu zetu wengi wakasema basi, ya nini kupoteza dola 40. Wanasahau kwamba sheria ya shirikisho haikubadilika: ndani ya futi 1,000 za shule, asiye na leseni ya jimbo anatakiwa bastola yake iwe tupu na imefungwa kwa kufuli. Hebu endesha gari Dallas dakika kumi usipite futi 1,000 za shule yoyote, halafu uniambie umepita wapi.

Saa tatu

Tunafungua duka. Kazi yangu ni kaunta ya bastola na, siku zikiwa na wanafunzi, uwanja wa shabaha huko nyuma. Silaha yoyote ninayoitoa kabatini napita nayo hatua zilezile mbele ya mteja: magazini, kile kibebea risasi, nje, navuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu, natazama chemba kwa jicho, naingiza kidole. Kisha nampa. Naye akinirudishia, nafanya tena. Mgeni huona namdharau, kwamba sikumwamini kwa sekunde kumi alizoishika. Simwamini, ndiyo. Hata mimi mwenyewe sijiamini, ndiyo maana baada ya jicho natumia na kidole.

Saa nne na nusu

Anaingia mama wa makamo, sare ya uuguzi chini ya koti, Kiswahili cha Tanga kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameniambia yupo Mswahili hapa. Nataka kadogo, ka kuingia kwenye pochi. Natoka kazini usiku wa manane, lile egesho la magari giza tupu."

Kadogo. Karibu kila mama anayekuja hutaja neno hilo, na wanaume wa kaunta nyingine huwauzia hicho hicho kadogo na kuwasindikiza mlangoni. Namtolea Ruger LCP, ndogo kweli, tupu haifiki gramu 300. Anaifurahia. Namwambia avute slaidi. Anavuta, haiji. Anavuta tena, kucha zinateleza. Bastola ikiwa ndogo, springi yake lazima iwe kali, maana slaidi ni nyepesi na haina uzito wa kupunguza nguvu ya mlipuko. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayoumiza kiganja unapofyatua. Anayeumia hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi amenunua chuma cha kutembea nacho tu.

Naweka mbele yake Smith & Wesson Shield EZ, ya risasi za .380. Ni kubwa kidogo, inabeba risasi 8, lakini slaidi yake ilitengenezwa makusudi kwa mikono isiyo na nguvu nyingi. Anavuta mara moja, inakuja mpaka mwisho. Ananitazama.

"Hii mbona yanitii?"

Tunaingia uwanjani na ya kukodi. Magazini ya kwanza risasi zimetawanyika, ya pili zinaanza kukaa karibu karibu. Nampa na ile ndogo, ili aamue mwenyewe. Anafyatua mara mbili, anaiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha mboga iliyozidi chumvi.

Kuhusu pochi, tunabishana kidogo. Mwizi akikupora, atapora pochi. Ndani ya pochi kuna funguo, kalamu, kitana, na chochote kati ya hivyo kinaweza kuingia kwenye triga. Tunapatana ala ya kiunoni, juu ya upande wa kulia, na hospitali anakofanya kazi hataingia nayo: itabaki kwenye gari, ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kiti. Tangu 2011 mwajiri wa Texas kwa kawaida hawezi kumkataza mfanyakazi anayemiliki silaha kihalali asiifungie garini kwenye egesho la kazini. Lakini wezi wa magari nao wanajua hivyo, kwa hiyo kisanduku si mapambo.

Ana green card, kadi ya ukaazi wa kudumu. Anajaza fomu 4473, ile ya serikali ya mnunuzi wa silaha, tunaulizia rekodi yake FBI, jibu linakuja dakika chache tu: endelea.

Saa saba mchana

Watu wa leseni. Wamekaa darasani asubuhi, sasa mtihani: risasi 50, kutoka yadi 3, 7 na 15, alama 175 kati ya 250 zatosha. Kwa mtu aliyetulia si mtihani mgumu. Wote wamepita. Mmoja kwa tabu, nami nimemwambia arudi.

Saa tisa

"Yambo, fundi." Mzee Mkongo wa Bukavu, dereva wa lori. Bastola yake inakwama: inafyatua mara moja, ya pili ganda linang'ang'ania.

Namwomba aniachie niifungue. Ni Glock kama yangu, na Glock haifunguki mpaka uvute triga, na ndiyo maana wenye haraka hutoboa televisheni zao na, Mungu apishe mbali, miguu yao. Kwa hiyo chemba kwanza, jicho, kidole, mdomo wa mtutu kwenye pipa la mchanga, kisha navuta.

Ndani, Mungu wangu. Nyuzi za fulana zimejisokota nyuma ya slaidi mpaka zimekuwa tabaka la kijivu, mafuta ya zamani yameshikana na vumbi, na kwenye kile kikucha kinachotoa ganda kuna uchafu mweusi mgumu. Upande unaogusa ngozi umeanza kutu ya jasho. Agosti ya Texas ni joto la nyuzi 38, naye hukaa kwenye kiti cha lori kutwa.

"Ulisafisha lini, mzee?"

"Miye sijafyatua, nisafishe nini?"

Bastola ya kubeba huchafuka hata isipofyatuliwa. Namwonyesha: brashi na dawa kwenye mtutu kuanzia upande wa chemba, vitambaa mpaka kimoja kitoke cheupe, mswaki wa zamani kwenye kikucha, kisha tone moja moja la mafuta pale chuma kinapoacha mng'ao wa kusuguana. Anataka nimwagie zaidi. Hapana, mzee, mafuta mengi ndiyo yanayokamata nyuzi. Njia ya pini inayopiga risasi inabaki kavu kabisa. Afanye hivyo kila mwezi, na kila wiki apanguse jasho. Namtolea na risasi zake za kubeba, mbili zina vichwa vilivyozama. Nazitenga.

Saa kumi na moja jioni

Kijana mwanafunzi, Mkenya, mchangamfu. Visa yake ni F-1, ile ya masomo. Kwa visa hiyo sheria ya shirikisho humkataza kumiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, naye hana.

"Sawa bro, cousin yangu ako na green card, anunue alafu anipatie."

Namkatiza hapo hapo, kwa sauti ya chini. Hilo ni kumnunulia mwingine kwa jina lako, na tangu 2022 kifungo chake kinafika miaka 15. Binamu afungwe, wewe ufukuzwe nchini. Isitoshe, nikishalisikia siwezi tena kumuuzia hata huyo binamu.

Saa mbili usiku

Tumehesabu silaha, daftari la manunuzi na mauzo linalingana. Wenzangu wanaelekea nyama choma. Mlangoni pale pana bango jekundu la 51%, maana yake mapato yao mengi ni pombe, na silaha hairuhusiwi hata ukiwa na leseni. Naenda nyumbani.

Simu inalia nikiwa naegesha. Ni mama wa Tanga.

"Mwanangu, wajukuu waja Jumamosi. Hiki kitu nikiweke juu ya kabati?"

"Hapana mama, kabati wanalipanda. Nunua sefu, ile ndogo ya namba."

"Na nani ataifunga ukutani? Mie drili siijui."

"Nitakuja Ijumaa jioni."

"Basi njoo na njaa, ntapika ubwabwa wa nazi."