Geti langu, kutu na wale wadudu wa ziwani

Nilipojenga Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hatua chache kutoka mwaloni, kila aliyepita alinipa moyo. "Hili ziwa, si bahari. Maji baridi hayali chuma, wenye shida ni watu wa Dar." Nikaamini. Mwaka haujaisha, geti lilikuwa limeota ndevu nyekundu kuanzia chini. Chumvi huharakisha kutu, sawa, lakini chuma kikipata maji na hewa kimeshapata vyote kinavyohitaji. Na huku ziwani, umande wa alfajiri peke yake unatosha kulowanisha shati.

Kosa la kwanza lilikuwa la fundi, ingawa aliyelipa ni mimi. Aliniletea geti likiwa na redi oksaidi tupu, ile praima nyekundu ya chuma, akasema, "Bosi, hiyo inatosha, rangi ya juu ni urembo tu." Urembo gani! Praima kazi yake ni kushika chuma na kushikiwa na rangi. Ukiiacha peke yake kwenye mvua, maji yanapenya. Mimi nikaiacha masika nzima. Tena alikuwa amepaka juu ya magamba ya kuchomelea bila kuyagonga, kwa hiyo kila kiungo kikaanza kutoa machozi ya kahawia.

Jirani mmoja akanishauri nipake oili chafu. Lilipendeza siku mbili, jeusi ti, mpaka mama watoto alipoegemea akiwa na gauni la kanisani. Hiyo kesi sitaisimulia hapa. Nilipokuja kupaka rangi juu yake ikabanduka kama ngozi ya nyoka, nikamaliza thina na suruali mbili kuukuu kuondoa mafuta.

Basi Jumamosi moja nikaamua kuifanya mwenyewe. Brashi ya waya, msasa, praima asubuhi. Mchana chuma kilikuwa cha moto, rangi inavutika kama ugali, nikasubiri jioni. Saa kumi na mbili na nusu nimemaliza, bluu ya kung'aa. Nikawasha taa ya getini ili wapita njia waone, nikaingia ndani kula sato wangu kwa raha.

Asubuhi geti lilikuwa na manyoya. Mkazi wa ziwani anawajua wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua. Hawaumi, lakini wakiona taa wanakuja kijiji kizima. Walikuja kwenye rangi mbichi, wakalala humo. Ukipitisha kiganja, msasa namba sitini ni laini kuliko lile geti. Jirani yangu mvuvi wa dagaa alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, hukuangalia mwezi? Si tuko gizani sasa hivi!" Wao huvua usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikitoka, na siku hizo za mwezi mchanga ndizo wadudu hujaa. Mimi nilikuwa nasoma maelezo ya kopo. Ya mwezi hayakuandikwa.

Nikakwangua upya. Safari hii tuliling'oa kwenye bawaba, na hapo ndipo nikagundua ambacho hakuna mshauri aliyenitajia: kutu ilikuwa inaanzia ndani ya bomba la mraba. Nilipotoboa tundu chini, unene wa kalamu, yalitoka maji kama chai ya rangi. Nikaliacha likauke juani siku kadhaa. Halafu nikachukua bomba la sindano la mifugo, jipya, nikavuta redi oksaidi iliyoongezwa thina, nikaipiga ndani. Tundu nikaliziba kwa kipande cha sabuni, vijana wakaligeuzageuza geti kama wanaosuuza chupa, kisha nikazibua. Tundu limebaki wazi mpaka leo, maji yakiingia yana pa kutokea. Hii ni akili yangu mwenyewe, naomba itambuliwe.

Rangi ya juu nilianza saa tatu, umande umekauka, nikamaliza kabla ya saa saba, chini ya mwembe. Kona na viungo nilivitangulia kwa brashi ndogo, kwa sababu rangi hukimbia kwenye ncha na kutu huanzia hapo hapo. Mkono mwembamba, kesho yake mwingine. Usiku, taa ya getini nikaizima, na mvuvi akaniazima taa yake ya sola tukaitundika upande wa pili wa uwanja juu ya beseni la maji. Asubuhi beseni lilikuwa uji wa wadudu na kuku wangu walikula mpaka wakashindwa kutembea.

Gharama sikuandika. Laki na ushee, ukiweka soda za vijana, gauni silihesabu.

Masika mbili zimepita. Juzi yule fundi alipita na mteja wake, akaligonga geti kwa kidole, akamwambia, "Unaona? Hii kazi yangu."